Kukadiria nishati unayotumia kazini kwa kupima pumzi: dumu, mpira wa maji na daftari

Mwezi wa Desemba hapa Mtwara huhitaji kufanya kazi ndipo utoke jasho. Kaa barazani saa nane mchana, usinyanyue hata kikombe, na shati litakugandia mgongoni. Njoo Julai, kusi inavuma, ulime asubuhi na mapema mpaka mikono iume. Utamaliza umechoka hoi, lakini shati bado linavalika. Mtu anayepima kazi kwa jasho anapima hali ya hewa.

Mapigo ya moyo yana nafuu kidogo, ila nayo hayaaminiki sana kwenye joto letu. Mwili ukipata joto, moyo huongeza mbio ili damu ifike ngozini ikapoe, hata kama kazi haijaongezeka. Mtu yuleyule, akibeba mzigo uleule kwa njia ileile, atahesabiwa mapigo mengi zaidi saa saba mchana kuliko saa moja asubuhi. Pumzi zinaifuata kazi yenyewe kwa karibu zaidi, na zinaweza kupimwa kwa vifaa vya nyumbani.

Nafundisha biolojia sekondari hapa mjini. Kila tukifika kwenye mada ya upumuaji huwapeleka wanafunzi nje na dumu na beseni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima pia majirani wanaokubali: wanaotwanga, wanaochota maji, wanaotembea kwenda shamba. Ninayoeleza hapa ndiyo njia niliyobaki nayo baada ya kukosea mara nyingi. Haitoi jibu la maabara. Inatoa makadirio ambayo, ukiwa mwangalifu, yanatosha kujua kama kazi ni nyepesi, ya wastani au nzito, na kama chakula anachopata anayeifanya kinalingana nayo.

Hewa inavyohesabu chakula

Mwili huchoma chakula kama jiko linavyochoma mkaa, ila polepole na bila moto. Unahitaji oksijeni, na unatoa joto, maji na kabonidayoksaidi. Mfaransa Antoine Lavoisier alilionyesha hili mwishoni mwa karne ya 18 akiwa na msaidizi wake Seguin, ambaye ndiye aliyekubali kukaa na kupimwa: akifanya kazi, oksijeni aliyotumia iliongezeka. Mwaka 1911 Mwingereza C. G. Douglas alitengeneza mfuko mkubwa wa kubebwa mgongoni, wa kukusanyia hewa yote anayoitoa mtu akiwa anatembea. Tangu hapo ikawezekana kumpima mtu nje ya maabara.

Namba ya kwanza ya kushika ni hii: kila lita moja ya oksijeni inayotumika mwilini huleta takribani kilokalori 5 (kilokalori ni kipimo cha nishati, ile tunayoipata kwenye chakula). Mwili ukichoma wanga peke yake unapata kama 5.05; ukichoma mafuta peke yake, kama 4.7. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo si lazima ujue mtu amekula nini ili umpime.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.93. Tunayoitoa, tukiwa kwenye kazi ya kawaida, huwa na asilimia 16 hadi 17 hivi. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Glasgow, Weir, aliichambua hesabu hii akapata njia fupi mno: chukua 20.93, toa asilimia ya oksijeni iliyomo kwenye hewa inayotoka, gawanya kwa 20. Jibu ni kilokalori zilizotumika kwa kila lita ya hewa aliyoitoa mtu.

Maabara ina mashine ya kusoma hiyo asilimia. Sisi hatuna, kwa hiyo tunachukua asilimia 16.7 kuwa ndiyo ya kawaida. Ukiiweka kwenye hesabu ya Weir unapata 0.21. Hapa ndipo makadirio yanapoingia, na nitarudi baadaye kueleza yanapopotosha.

Kuna sahihisho moja linalotuhusu sana watu wa pwani. Lita za Weir ni za hewa kavu, yenye nyuzi joto 0, kwa mgandamizo wa usawa wa bahari. Hewa inayoingia kwenye dumu letu ina nyuzi kama 30 na imejaa mvuke. Hewa ya moto hutanuka, na mvuke nao unachukua nafasi yake, hivyo lita moja ya hapa ina hewa pungufu. Kwa nyuzi 30 na usawa wa bahari, unazidisha kwa 0.86. Ukizidisha 0.86 kwa 0.21 unapata 0.18, na hiyo ndiyo namba yetu ya kazi:

lita za hewa kwa dakika × 0.18 = kilokalori kwa dakika.

Kwa lugha nyingine, kila lita tano na nusu za hewa anayoitoa mtu ni kama kilokalori moja imetumika. Lindi, Kilwa na Mikindani mtatumia namba hiyohiyo. Ukiwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hewa ni nyepesi zaidi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo tumia 0.17.

Vifaa

Tafuta dumu la lita 10 lenye kifuniko cha kubana. Lililokuwa la mafuta ya kula linafaa likioshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto. Chagua lile linalopitisha mwanga ili uone maji yanavyoshuka. Beseni pana la kufulia. Mpira wa maji wa robo tatu inchi, urefu wa mita moja hivi. Ule wa nusu inchi ni mwembamba, mtu anayehema kwa nguvu utambana na pumzi zake zitabadilika. Jagi la kupimia lenye alama za mililita. Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, daftari, na mzani wa kupimia uzito kama upo. Zahanati ya karibu inaweza kukusaidia kwa uzito.

Mnahitaji watu watatu: anayepimwa, anayehesabu, na anayeshika dumu. Wawili wanaweza, lakini mmoja atakuwa na mikono michache.

Kabla ya yote, usafi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa. Fanyeni kazi hii nje, uwanjani au chini ya mwembe, kamwe si chumbani. Kila anayepimwa awe na kipande chake cha mpira wa kutia mdomoni, na kikitumika kioshwe kwa sabuni kikaushwe juani. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili apelekwe kupimwa hospitali. Dumu si lake. Na jambo jingine: kamwe usimvalishe mtu mfuko wa nailoni apumulie ndani yake, hata kwa dakika moja. Picha za mfuko wa Douglas huwadanganya watu. Ule ulikuwa na valvu, mtu alivuta hewa ya nje akatolea ndani. Mfuko wa kawaida utamrudishia hewa yake mwenyewe mpaka azimie.

Hatua ya 1: Pumzi za mapumziko

Anza asubuhi, kabla ya chai. Mtu akae kitini dakika 10 bila kuzungumza. Kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, si nusu dakika halafu uzidishe kwa mbili. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja.

Tatizo ni kwamba mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, zinabadilika palepale. Atavuta ndefu, au atazibana. Nilijifunza kwa manesi: nashika kifundo cha mkono kana kwamba nahesabu mapigo, macho yangu yako kwenye simu, kumbe nahesabu kifua. Mwenyewe ninakuwa nimeshamweleza tangu mwanzo kwamba leo tutapima pumzi na ameridhia. Ninachomficha ni dakika gani hasa. Mtu mzima aliyetulia atakupa kati ya 12 na 18.

Hatua ya 2: Ukubwa wa pumzi moja

Hapa ndipo penye ufundi, basi nenda taratibu.

Jaza maji kwenye beseni, kina cha kama sentimita 10. Jaza dumu maji mpaka shingoni, pasibaki hewa. Funga kifuniko, lipindue, ingiza shingo ndani ya maji ya beseni, kisha fungua kifuniko kikiwa ndani ya maji. Maji ya dumu hayatamwagika. Uzito wa hewa ya nje unayashikilia. Wanafunzi wengi hushangaa hapa, waache washangae kidogo.

Mshika dumu alinyanyue kidogo ili shingo isiguse chini, na aingize ncha ya mpira kwenye mdomo wa dumu. Sasa sikiliza vizuri: ncha ya mpira isipande juu kuliko uso wa maji ya beseni. Ibaki pale pale shingoni, chini ya maji. Mwaka wa kwanza niliusukuma mpira mpaka juu kabisa ndani ya dumu, nikidhani ndivyo hewa itakavyoingia kwa urahisi. Maji yakashuka yenyewe yakivuta hewa kupitia mpira, na kijana wa watu akasomeka kuwa na pumzi ya lita tatu akiwa amekaa kitini. Niliandika namba hiyo ubaoni kabla sijagundua kosa, ikanibidi kipindi kilichofuata nianze upya na darasa zima. Mpira ukikaa shingoni, hewa inaingia pale tu mtu anapopuliza, viputo vinapanda, maji yanashuka.

Anayepimwa avute hewa ya nje kwa kawaida, mdomo ukiwa mbali na mpira. Kisha aweke mdomo kwenye mpira, abane pua kwa vidole na atoe pumzi kama anavyotoa siku zote. Asipulize kama anayepuliza puto. Atoe mdomo, avute tena, arudie. Akiwa amepumzika, pumzi 10 zinatosha.

Baada ya pumzi ya mwisho, rudisha kifuniko dumu likiwa bado limepinduliwa ndani ya maji, kaza, ligeuze likae wima. Huna haja ya kuchora alama zozote kwenye dumu. Fungua, chukua jagi, na ongeza maji mpaka lijae tena mpaka shingoni, huku ukiandika kila mililita. Kiasi cha maji uliyoongeza ndicho kiasi cha hewa aliyoitoa. Gawanya kwa idadi ya pumzi. Mtu mzima aliyekaa atakupa karibu nusu lita kwa pumzi moja, pengine pungufu kidogo kwa mwenye umbo dogo.

Rudia mara mbili au tatu. Jaribio la kwanza karibu kila mara ni kubwa kupita kiasi, kwa sababu mtu ana shauku na dumu. Mimi huwa silihesabu kabisa.

Hatua ya 3: Kazini

Mtu aanze kazi yake na aifanye kwa mwendo wake wa kila siku. Usimpime mapema. Dakika mbili tatu za mwanzo mwili unatumia akiba iliyomo kwenye misuli na pumzi hazijaifikia kazi. Subiri dakika ya tano. Hapo pumzi zimetulia kwenye kiwango chake, na ukimhesabu dakika ya tano na ya sita utaona zinakaribiana.

Hesabu pumzi akiwa kazini, dakika nzima. Kisha mpe ishara aache, na papo hapo, ndani ya sekunde 10, atoe pumzi 5 kwenye mpira. Dumu na beseni viwe vimeshaandaliwa hatua mbili kutoka alipo. Ukichelewa kwa nusu dakika tu pumzi zimeshaanza kushuka, na utaidharau kazi yake.

Nitakusimulia kipimo kimoja kwa urefu, kwa sababu kilinifundisha kuliko vingine.

Jirani yangu mmoja, mama wa kilo 56, hutwanga makopa jioni kupata unga wa muhogo. Nilipomwomba nimpime akaweka mchi chini akaniangalia. "Mwalimu, kwani kutwanga nako kunapimwa?" Nikamwambia, "Kunapimwa, mama, tena sana." Akajifunga kanga upya, akaanza.

Kuhesabu kulinishinda mwanzoni. Mgongo unapanda na kushuka pamoja na mchi, huwezi kujua ni pumzi au ni pigo. Nikafumba macho nikasikiliza. Kila mchi ulipogonga kinu kulikuwa na sauti ndogo kooni, "hh", lakini si kila pigo: alikuwa akipiga mara mbili, hewa inatoka kwenye la pili. Mwili wenyewe ulikuwa umeshapanga pumzi zake ziende na mchi. Tangu siku hiyo, kazi yoyote yenye mapigo, kutwanga, kupasua kuni, kupiga kasia, nahesabu kwa sikio.

Asubuhi ile, akiwa amekaa, alikuwa amepata pumzi 14 kwa dakika, na pumzi 10 zilichukua lita 4.5. Yaani 0.45 kwa pumzi, mara 14, ni lita 6.3 kwa dakika. Zidisha kwa 0.18: kilokalori 1.13 kwa dakika.

Kwenye kinu alipata pumzi 27 kwa dakika. Pumzi 5 zilichukua lita 4.8, yaani 0.96 kila moja. Mara 27, lita 25.9 kwa dakika. Zidisha kwa 0.18: kilokalori 4.7 kwa dakika.

Hatua ya 4: Pima kipimo chako

Kabla hujaamini namba ya kazi, hakikisha namba ya mapumziko. Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba mtu mzima akiwa amekaa ametulia anatumia karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Mama wa kilo 56 angetumia 56 kwa saa, au 0.93 kwa dakika. Dumu lilinipa 1.13. Limezidi kidogo, na ndivyo linavyofanya karibu kila mara, maana mtu aliyekaa akiwekewa mpira mdomoni hupumua zaidi ya kawaida yake. Tofauti kama hiyo naivumilia. Ikizidi nusu, yaani ningepata 1.4 na kuendelea, ningepima upya siku nyingine.

Kwa hesabu za mapumziko sasa natumia ile kanuni ya uzito, na dumu naliachia kazi, kwa kuwa kwenye kazi ya wastani ndiko lina ukweli zaidi.

Halafu gawanya: 4.7 kwa 0.93 ni kama 5. Kutwanga kunautaka mwili wake utumie nishati mara tano ya kukaa. Chini ya mara 3 ni kazi nyepesi, 3 hadi 6 ni ya wastani, kuzidi 6 ni nzito. Kwa hiyo mama huyu yuko kwenye wastani wa juu, sawa na mtu anayetembea kwa haraka sana, kila jioni, baada ya kutoka shamba, na akimaliza anakwenda kupika.

Hatua ya 5: Igeuze iwe chakula

Alitwanga dakika 40. Mara 4.7, ni kilokalori 188. Ukitaka kujua kazi imeongeza kiasi gani juu ya kile ambacho angetumia akiwa amekaa tu, toa 0.93 kwa kila dakika: inabaki kama 150. Wengi huchanganya hapa. Wanaandika 188 kama nyongeza, halafu mwisho wa siku wanajumlisha na mapumziko ya saa 24, na hesabu inakuwa imehesabiwa mara mbili.

Unga mkavu wa mahindi una kama kilokalori 360 kwa gramu 100. Kwa hiyo zile 188 ni gramu 52 za unga. Korosho zina kama 550 kwa gramu 100, hivyo ni gramu 34 hivi, kiganja kimoja. Kidogo? Jumlisha sasa kutwanga, kuchota maji, kulima, kufua, kutembea kwenda na kurudi shamba, kila kimoja kwa dakika zake. Ndipo utaona kwa nini msimu wa palizi baadhi ya watu hukonda hata kama sufuria haijabadilika. Na ndipo utaweza kumwambia mume au mama mkwe, kwa namba zilizoko daftarini, kwamba mjamzito anayefanya kazi zote hizi anahitaji sahani nyingine.

Ombi langu moja: usiigeuze njia hii kuwa ya kupunguzia watoto chakula, wala ya kujikondesha. Makosa ya asilimia 15 au 20 ni ya kawaida kwenye dumu, na mwili wa mtoto hausamehe makosa ya namna hiyo.

Mahali ambapo pumzi zinapotosha

Kazi nzito sana. Nilimpima mwanafunzi wa kilo 60 akikimbia kwenye mzunguko wa uwanja wa Nangwanda Sijaona, mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Alitoa lita 80 kwa dakika, na kanuni yetu ikasema kilokalori 14.4. Lakini kukimbia kuna hesabu yake inayojulikana: karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kwa kijana huyo ni 600 kwa saa, yaani 10 kwa dakika. Dumu lilizidisha karibu nusu. Sababu ni kwamba kazi ikivuka kiwango fulani, asidi huongezeka kwenye damu na mwili huanza kuhema ili kutoa kabonidayoksaidi, kuliko kutafuta oksijeni. Hewa nyingi inapita, oksijeni kidogo inachukuliwa, na ile asilimia 16.7 tuliyoikubali inapanda hadi 18 au zaidi. Hesabu ya Weir inaonyesha athari yake: 18 itakupa 0.15 badala ya 0.21.

Utajuaje umevuka? Mwambie mtu aseme. Akiweza kuimba, kazi ni nyepesi. Akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, ni ya wastani, na hapo dumu ni zuri. Akikujibu neno moja moja huku anahema, usitumie 0.18. Kwa mkimbiaji tumia kilo mara kilomita, umemaliza.

Hofu, kicheko na aibu nazo huongeza pumzi bila kazi. Homa pia, mtu mwenye malaria usimpime. Mwenye pumu asipimwe kwa mpira kabisa. Mama mjamzito hupumua hewa nyingi zaidi hata akiwa amekaa, kwa sababu ya homoni za ujauzito, hivyo dumu litamzidishia. Kwa mjamzito mimi nategemea kipimo cha kuzungumza na uzito wake tu, wala simchoshi na mabeseni.

Mizigo ya kichwani nayo ina jambo lake. Mwaka 1986 watafiti waliwapima pumzi wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya paji la uso, wakakuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni. Vipimo vilivyofanywa baadaye Afrika Kusini havikupata jambo hilo kwa wabebaji wote, kwa hiyo usilichukue kama sheria. Isitoshe ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kwa mama wa kilo 56 hiyo ni zaidi ya theluthi ya mwili wake. Wanaopanda na ndoo kutoka mabondeni kwenda vijiji vya uwanda wa Makonde, ambako maji ya juu ni ya shida tangu zamani, usiwakadirie kwa kubahatisha. Pima kwenye mlima wenyewe, dumu likiwa limeandaliwa mahali wanapopumzikia.

Daftari

Kila kipimo andika tarehe, saa, kazi, uzito wa mtu, pumzi kwa dakika, lita na idadi ya pumzi zilizoingia kwenye dumu, na kama aliweza kuzungumza. Andika pia joto la siku hiyo. Maji ya beseni yakiwa baridi sana sahihisho la 0.86 linabadilika kidogo, ingawa huku kwetu si jambo la kukusumbua. Pima kazi ileile siku tatu tofauti ndipo uchukue wastani. Siku moja peke yake usiitegemee: mtu hakulala, au mchi ni wa kuazima, au mvua ilinyesha na makopa yamelegea.

Majina ya watu usiyaandike kwenye daftari la darasa, weka herufi tu. Na kabla hujamuaga uliyempima, mwonyeshe namba zake na umweleze maana yake. Yule mama alipoona ile 5 alirudia kuihesabu kwa vidole, "kukaa, mara mbili, mara tatu, mara nne, mara tano", kisha akamwita binti yake mkubwa aje naye asikie.

Mwaga maji ya beseni kwenye mchicha, ning'iniza mpira ncha zote mbili zikielekea chini ukauke mpaka ndani, na dumu liache wazi juani.